Joto Kabla ya Maziwa

Tarehe kumi na nne Aprili. Asubuhi hiyo mvua ilichanganyika na theluji, na uwanja wa shamba la Halvorsen, huko Wisconsin, ulikuwa tope tupu.

Paka jike wa zizini alikuwa amegongwa na lori la maziwa, akafa. Verna Halvorsen aliwakuta watoto watatu wa paka huyo nyuma ya marobota ya nyasi kavu, macho hayajafunguka, wamepoa kama kokoto. Akawabeba kwenye aproni mpaka jikoni, akapasha maziwa ya ng'ombe.

Hakufikiri mara mbili. Miaka yote aliokoa ndama hivyo: ndama akizaliwa tu, maziwa yaingie tumboni. Alimlaza chali mmoja wao, wa kijivu, akamtilia maziwa kwa bomba la sindano. Yakatokea puani. Paka akakohoa mara moja, basi, akafa.

"Umemzamisha," alisema Orrin, mumewe, akivua buti mlangoni. "Hao wawili nawarudisha zizini kabla ya kukamua jioni. Paka hawaishi humu ndani, mama."

"Watakufa."

"Kwani hapa wanafanya nini?"

Verna aliinamisha kichwa, akamwomba Mungu amwonyeshe la kufanya, kisha akampigia simu jirani yao Delphine, aliyezoea kulea paka waliotupwa.

Delphine aliingia na mfuko wake bila hata kusalimu. "Umewapa nini?"

"Maziwa. Yetu."

"Ya ng'ombe? Na baridi hii waliyonayo? Wee Verna! Hawa si ndama. Tumbo la baridi halisagi kitu. Joto kwanza." Akamtumbukiza mmoja ndani ya sweta la Verna, akamgeukia Orrin. "Fungua shati."

"Mimi?"

"Kuna mzee mwingine humu mwenye kitambi?"

Orrin alifungua vifungo, akiguna, na Delphine akamwekea yule mwingine kifuani. Wakakaa. Kahawa ilipoa mezani. Verna alikuwa anaomba kimoyomoyo aliposikia kitu kikijinyonganyonga kifuani mwake. Baadaye kidogo Orrin naye akashtuka.

"Kanatafuta titi kwangu," alisema. "Kamekosea nyumba."

Hapo ndipo Delphine alipokoroga maziwa ya unga ya paka. Aliwalaza kifudifudi, kama wanavyonyonya kwa mama yao, akawapa tone kwa tone. Walipomaliza, Verna akawapangusa nyuma kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kazi ambayo ulimi wa mama ungeifanya, mpaka wakakojoa.

"Ni hivyo hivyo kila baada ya saa mbili," alisema Delphine. "Usiku nani ataamka? Verna anakamua alfajiri."

Orrin alimtazama yule wa kijivu, aliyefunikwa kwa leso pembeni ya sinki. Wake alikuwa amelala tena ndani ya shati.

"Usiku ni wangu," alisema. "Nasema mbele yenu wawili, na Mungu anasikia: mpaka wafungue macho na kula wenyewe, hakuna anayerudi zizini."