Palizi ya Mwani

Evaline alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi la samaki pale mapokezi, akikwangua kioo kwa kadi yake ya bima iliyokwisha muda. Mwani ulikuwa umeanza kama vumbi la rangi ya ugoro, ukageuka ute wa kijani, na sasa ulikuwa na nywele. Ulifunika kioo, mawe, hata mpira wa kutolea hewa. Samaki wawili wa rangi ya chungwa walionekana kama wako nyuma ya pazia. Wagonjwa walikohoa kwenye mabenchi, wakimsubiri daktari amalize kusafisha.

Tangi lilikuwa jipya. Stanislaus, mganga mfawidhi, aliliona la namna hiyo katika hospitali moja ya Dar es Salaam, akasema mgonjwa akitazama samaki presha hushuka. Akaagiza kioo, samaki, na mifuko ya chumvi ya bahari ya kuchanganya na maji. Kazi ya kulitunza akampa Evaline.

“Wewe ni mtu wa Tanga. Bahari unaijua.”

“Natoka Lushoto, bosi. Ni milimani.”

“Si Tanga hiyo hiyo?”

Evaline alikuwa ametoka zamu ya usiku na anaingia ya mchana. Hakubisha tena.

Kituo chao kilikuwa kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, na mvua ikinyesha, umeme ulikatika. Samaki wa maji chumvi hawavumilii kukosa hewa. Kwa hiyo betri ya sola iliyokuwa wodini, ya kuendeshea mashine ya oksijeni, ililetwa mapokezi. Mvua iliyofuata ilimkuta wodini Venanti, mkulima wa maharage kutoka Murungu, amelazwa kwa nimonia. Mashine ilizima. Evaline alimsukumia hewa kwa mfuko wa mpira hadi vidole vikafa ganzi. Venanti alifariki kabla mvua haijakatika. Kule mapokezi taa ya tangi ilikuwa inawaka, na mapovu yalikuwa yanapanda.

Ndipo mwani ulipoanza. Aliyewauzia tangi alisema kwa simu kwamba tangi jipya ndivyo lilivyo. Mwanga umezidi, zimeni taa, mwani utakufa wenyewe. Samaki mtawapa hewa kwa pampu ndogo ya mawe ya tochi. Evaline alimpelekea Stanislaus maneno hayo, akaongeza kwamba taa ikizimwa betri inaweza kurudi wodini.

“Tutaona wageni wa mkoani wakishapita,” Stanislaus akasema.

Jioni moja, siku chache baada ya mazishi, Venanti aliingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa amevaa suti aliyozikwa nayo. Mlinzi alimwomba afute viatu, kwa kuwa sakafu ilikuwa imepigwa deki. Akafuta, akaketi kwenye benchi lililo karibu na tangi.

“Mwiriwe, muganga,” akamsalimu Evaline kwa Kirundi.

“Mwiriwe, mzee Venanti. Unasumbuliwa na nini?”

“Hewa tu. Kule hakuna. Hapa naona inatoka.” Akaonyesha mapovu kwa kidevu.

Evaline akamwambia abaki tu.

Akawa anakuja kila jioni. Hakuzoea kukaa bure, kwa hiyo alinyoosha mkono, ukapita kwenye kioo bila tone kuvuja, akaanza kung'oa mwani kama anavyopalilia mtu shamba lake, kwa uangalifu, asiguse samaki. Mkewe, Immakulata, alikuja na uji kwenye chupa ya chai, wakazungumza Kirundi mambo ya mbegu na ya jirani aliyesogeza mpaka. Kulipoingia giza Immakulata alibeba beseni la mwani, akaenda kuumwaga kwenye maharage.

Tangi likang'aa. Wageni wa mkoani walipita, wakapiga picha. Evaline alipokumbusha habari ya taa, Stanislaus alishangaa.

“Mwani uko wapi sasa? Yule mzee anasafisha vizuri.”

Jioni ile Evaline aliketi kando ya Venanti. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama zamu nzima.

“Mzee, wodini nina wagonjwa wawili wa kifua. Ukiendelea kupalilia, taa haitazimwa, na betri haitarudi.”

“Ikizimwa, itabaki ile pampu ya tochi?”

“Ndiyo.”

“Hiyo ni hewa ya samaki wawili. Mimi je?”

Immakulata alifunga kifuniko cha chupa. “Mwache, muganga. Alishakufa mara moja kwa ajili ya hiyo betri.”

Evaline akasema pole, akarudi wodini.

Kesho yake Venanti alikuja, akaketi, akaweka mikono magotini. Hakupalilia. Wala siku iliyofuata. Mwani ulirudi kwa nguvu, ukapanda hadi juu, na samaki hawakuonekana tena. Immakulata aliendelea kuleta uji, lakini hakumsalimu Evaline. Evaline naye hakukwangua. Alipita pale na majalada ya wagonjwa, akitazama kijani kikiongezeka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alilala bila kuota kelele za mashine.

Stanislaus alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

“Zima taa tu, bosi,” Evaline akasema. “Kuizima ni bure.”

“Tangi la giza ni la nini?”

Akaagiza mashine kubwa ya kuchuja maji. Ilipofika, fundi alisema betri moja haitaitosha. Akaenda wodi ya wazazi na spana, akarudi amekumbatia betri ya huko, mama mmoja mwenye uchungu akimpisha mlangoni. Akaunganisha nyaya, akabonyeza.

Mashine ikanguruma, mapovu yakapanda mengi kuliko yote yaliyowahi kuonekana pale. Venanti akavuta pumzi ndefu. Akatazama mlango wa wodi ya wazazi kwa muda, kisha akasogea hadi mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mwingine.

Evaline akaifuta nafasi ile kwa kitambaa, akaenda kumwita mgonjwa aliyefuata.