Viti vya Kivulini

Bi Kidawa, jirani yake Mboni, mwanamke asiyeishiwa na maneno hata akiwa na kiu, anadai kwamba zamani jua la nchi ya Vukutoni lilikuwa la upole kama jua la nchi nyingine, mpaka mababu wa waungwana walipolialika karamuni, wakalilisha wali wa nazi na kulipigia magoti, ndipo lilipokubali kuwaunguza wengine na kuwaacha wao. Mboni hakuyaamini yote hayo, ila kila alipotazama Kilimani alijikuta anayaamini robo yake.

Maana kule Kilimani, walikokaa Waungwana wa Kivulini, miti ilishikana mikono juu ya mapaa, na upepo ulizunguka vyumbani kama mgeni aliyekirimiwa akasahau kwao. Na huku bondeni, mtaa wa Kikaangoni, mabati yalilia mchana kutwa, kuku walitaga wakihema, na watu walijifunza kutembea wakiambaa na kuta. Kila mwaka joto lilizidi. Msimu uliopita Sikudhani, binti mchanga wa Mboni, alilegea mikononi mwa mama yake kama kitambaa kilicholoa, akarudishwa duniani kwa maji ya mtungi wa Bi Kidawa. Sasa msimu mwingine ulikuwa mlangoni, na Mboni alijua mtungi ule hauna miujiza miwili.

Ndipo Mtukufu Burudi, mkuu wa Kivulini, alipoitisha kikao cha kuamua ipandwe wapi miche ya miti iliyooteshwa kwa maji ya wote. Walikutana uwanjani, penye turubai kubwa lililotundikwa juu ya milingoti mirefu. Asubuhi kivuli chake huangukia viti vya mawe vya waungwana, upande wa magharibi, na watu wa Kikaangoni huketi mchangani upande wa mashariki, juani. Sheria ya kikao ilikuwa ya haki, na waungwana waliisifu mbele ya wageni: hakifungwi mpaka kila aliyebaki aseme, na muungwana atakayeinuka kabla ya hapo amekipoteza kiti, yeye na kizazi chake. Haikuwahi kumsumbua mtu. Kabla ya adhuhuri jua huwa limekwisha kuwatawanya wenye maneno, wakabaki wenye viti.

Waziri wake alifungua kwa kusema miche ipandwe Kilimani, penye udongo mzuri. "Si mnaijua methali ya mti mrefu? Kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Nanyi ndio walio mbali."

"Tuko mbali miaka yote, baba," Bi Kidawa alimjibu. "Hicho kivuli kilipotea njia?"

Watu walicheka, waungwana wakapepewa. Kisha jua likaanza kazi yake, na mmoja mmoja wakaanza kukunja mikeka. Mboni aliwazuia bila hotuba. Aliichovya kanga yake katika mtungi aliokuja nao Bi Kidawa, akamtandia mzee aliyekuwa karibu naye. Wanawake wengine wakafanya hivyo, kanga ikashikana na kanga, waliochoka wakaingia chini yake, waliopoa wakatoka kusema. Walisema polepole, kila mtu habari ya nyumba yake: kisima kilichokauka, bati lililomwunguza mtoto, bibi aliyelala mchana asiamke. Adhuhuri ikapita, jambo ambalo kikao hicho hakijawahi kuliona.

Na turubai, lisilokula kiapo kwa mtu, likakiacha kivuli chake kiondoke kwenye viti vya mawe, kikatambaa mchangani taratibu, kikawapanda miguuni watu wa Kikaangoni. Mawe yakaanza kushika moto chini ya majoho. Waziri alinyanyua paja moja, kisha la pili, kuinuka hakuthubutu. Akatamka kwamba methali zina tafsiri nyingi, miche yote ishuke bondeni leo hii, na kikao kifungwe. Wenzake wakaitikia kabla hajamaliza.

"Ianzie kwa anayeungua zaidi," alisema Mboni, Sikudhani amelala pajani pake, jasho limemkauka. "Ikibaki, ifike na Kilimani. Na pa kuchimba tutaonyesha wenyewe. Lakini kufunga bado, mheshimiwa. Nyuma yangu wapo ambao hawajasema."

Mtukufu Burudi alijifuta shingo, akakitazama kiti cha mababu zake, akakitazama kivuli, kisha akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kinywani mwake:

"Mwanangu, hapo mkekani pana nafasi ya mtu mmoja?"

Mboni aliutazama mkeka. Nafasi ilikuwapo. Akageuza uso, kwa kuwa mwanamke wa nyuma yake alikuwa ameshasimama, anaanza kusema.