Msitu Alioutwaa Mtani

Watu wakisema zamani maisha yalikuwa matamu, mimi huwauliza kama waliwahi kupanda mteremko wa Newala na ndoo ya maji kichwani. Kijiji chetu kiko ukingoni, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na nchi kuporomoka kuelekea Ruvuma. Juu huku hakuna mto wala kijito. Tulishuka alfajiri kwenye chemchemi ya Namkonda, tukarudi jua limeshakuwa kali na shingo zimekakamaa. Halafu nikishamaliza kuwasema hao watu, najikuta nimekaa mbele ya cherehani yangu hapa Lisekese, mjini Masasi, mguu umesimama juu ya pedeli, nawaza harufu ya Namkonda asubuhi. Kwa hiyo nami ni mmoja wa wale wale.

Namkonda ni msitu wa ukoo wetu. Kwetu ardhi ilifuata upande wa mama, basi bibi alimwachia mama yangu, Veridiana, na mama akautunza kwa ukali uleule aliotutunzia sisi wanawe. Panga liliachwa nje, juu ya jiwe la njiani. Kuni ni zile zilizoanguka zenyewe. Mti mbichi haukatwi, hata uwe mwembamba kama kidole. Mabungo unaokota yaliyodondoka, hupandi kuyatikisa. Na kabla watu hawajaanza kuchoma mashamba, wanawake wote wa ukoo tulifyeka na kufagia njia pana kuuzunguka msitu ili moto usivuke. Ukimwomba alegeze sharti moja tu, jibu lilikuwa hapana, na wala hakuinua macho kutoka kwenye ungo wake.

Alikuwa na maneno yake kuhusu hondohondo, wale ndege wenye mdomo mkubwa wanaopiga kelele kama watoto wanaogombana. Alisema hao ndio wakulima wa Namkonda. Wanakula matunda ng'ambo, upande wa Msumbiji, wanavuka mto, wanalala kwetu na kuacha mbegu hapa. Wakirudi wanabeba za kwetu. "Msitu ni mmoja," alisema, "mto umepita katikati tu." Sikumtilia maanani. Nilikuwa nawaza shingo yangu.

Aliyemsikiliza alikuwa Mwanaisha. Yeye ni Mmakua wa ng'ambo, aliletwa kwetu mgongoni mwa mama yake walipokimbia vita vya Wareno. Mama aliwapa chumba, na mimi na Mwanaisha tukakua kwenye mkeka mmoja, yeye Mwislamu, mimi mtoto wa kipaimara, tukichota maji pamoja na kuibiana mabungo. Wamakonde na Wamakua ni watani, kwa hiyo tangu udogoni alikuwa na ruhusa ya kunitukana, nami sikuwa na ruhusa ya kununa. Nchi yao ilipopata uhuru wakarudi kwao. Nililia sana, na sioni aibu kusema kwamba nusu ya kilio kile ilikuwa ni kujua kwamba sasa nitashuka chemchemini peke yangu.

Mama alifariki mwaka juzi, mvua zikielekea kwisha. Mdogo wangu Alfredi, ambaye kama mjomba wa ukoo ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ardhi, hakusubiri hata arobaini. Alikwisha kuzungumza na Tahiri, jamaa wa Masasi mwenye chenso, ule msumeno wa injini, aje aufyeke Namkonda wote ili apande mikorosho. Nilipanda Newala siku hiyohiyo niliyosikia, kwenda kugombana naye.

"Dada, nakuheshimu," aliniambia. "Lakini wanangu wamekua na mashamba yamekuwa vipande vya kuoteshea mboga. Ngedere wa huko Namkonda wanamaliza mihogo yangu. Wewe unakuja huku kukumbuka. Sisi tuko huku tunakula."

Alisema kweli, na hilo liliniudhi zaidi kuliko chenso yenyewe. Alfredi si mtu mbaya, ana majivuno tu, na majivuno si dhambi kubwa kwetu. Lakini Namkonda ndipo mahali pekee ambapo mama alikuwa bado yupo. Nyumba yake ilishabadilishwa bati na kupakwa rangi. Nikampigia simu Mwanaisha, ambaye siku hizi nambari yake inapatikana, nikamlilia.

"Arobaini lini?" akauliza. Nikamtajia siku. "Nakuja. Usigombane naye tena, utaharibu."

Akaja kwa njia ya Daraja la Umoja, lile la kuvukia Ruvuma, akapitia Masasi kunichukua, tukapanda Newala pamoja. Alikuwa amenenepa na anavaa miwani. Kuanzia Masasi hadi nyumbani alinieleza jinsi nilivyozeeka vibaya.

Sasa, watani wana kazi yao kwenye arobaini. Ibada ilipokwisha na watu kukaa kusubiri chakula, Mwanaisha aliingia jikoni, akanyang'anya mwiko mkubwa, akaketi mlangoni akafunga njia. "Hakipakuliwi kitu hapa!" akapaza sauti. "Marehemu alikuwa bahili. Utoto wangu wote alininyima mabungo ya mtini. Leo nadai!"

Watu wakacheka hadi padri akatoa leso. Alfredi akaleta jogoo ili akomboe mwiko. Mwanaisha akamwinua yule jogoo kwa miguu, akamwangalia, akasema amekonda kama mwenye nyumba. Akaletwa jogoo mwingine, naye akakataliwa. Wakwe wa Alfredi walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wanatazama. Nikamwona ndugu yangu anavimba kifua, nikajua anakwenda kusema neno kubwa.

"Mtani," akasema, "mimi si mtu mdogo. Taja chochote cha marehemu, cha huku juu au cha kule bondeni, ni chako. Nimesema mbele ya watu hawa na mbele ya mama."

Hilo ni kosa. Mmakonde hata akiwa amelewa hatamki maneno "mbele ya mama" akiwa amemkabili mtani kwenye arobaini. Utani ni mchezo, lakini ukishamshuhudisha marehemu umeufunga mlango wa nyuma.

"Nataka Namkonda," akasema Mwanaisha.

Watu wakacheka tena, Alfredi naye akacheka. Mwanaisha hakucheka. Alinipa mwiko, akavua kanga ya juu, akaanza kushuka njia ya msituni, na wanawake wakamfuata kwa vigelegele wakidhani burudani inaendelea. Alipofika kwenye mninga wa kwanza akauzungushia kanga na kuifunga fundo. Basi chakula kikapakuliwa.

Asubuhi Tahiri akatokea na pikipiki, chenso imefungwa nyuma. Alfredi alikuwa amejiandaa.

"Mama Shamila," alimwambia Mwanaisha kwa adabu, "jana umetuchekesha, Mungu akubariki. Sasa utani umekwisha. Nimekufungia mbuzi wawili, chukua nikukomboe."

"Kukomboa ni haki yako, Baba Yeremia. Lakini mbuzi hawalingani. Kwanza nionyeshe mipaka ya mali yangu, halafu tuzungumze."

Mgeni akiomba kuonyeshwa, humkatalii. Tukashuka wanne, Tahiri nyuma amebeba chenso, na kwenye jiwe la njiani Mwanaisha akamwambia aiache chenso pale. Tahiri akamtazama Alfredi, Alfredi akatazama pembeni. Chenso ikabaki juu ya jiwe la mapanga.

Miaka mingi sikuwa nimefika ndani kabisa. Ubaridi ulinipokea kifuani kama mtu ninayemfahamu. Mwanaisha alikwenda mbele bila kuuliza njia, akikwepa mizizi ileile tuliyokuwa tukiikwepa na ndoo, akitaja miti kwa Kimakua, nami nikijibu kwa Kimakonde, hadi tukafika chemchemini. Maji yalikuwa yanatoka. Kutoka pale, kati ya matawi, unaliona bonde lote, Ruvuma imelala na mchanga wake, na ng'ambo milima ya kwao.

"Tazama kule," Mwanaisha alimwambia Alfredi. "Unaona palipo peupe? Hapo ndipo kwetu. Walikuja wafanyabiashara wa magogo, nasi tukakubali. Mininga ikaenda, mikongo ikaenda. Chemchemi ikakauka. Nilidhani basi, yamekwisha. Kisha siku moja, chini ya mti mmoja uliobaki, pale hondohondo wanapolala, nikakuta miche ya mibungo. Kwetu hakukuwa na mbungo hata mmoja uliobaki, Alfredi. Nikajiuliza mbegu zimetoka wapi. Nikamkumbuka mama yenu na maneno yake ya hondohondo."

Alfredi aliendelea kutazama pale peupe.

"Tumeanza kuilinda ile miche. Vijiji vyetu vitano sasa. Mwaka jana nikaitwa Maputo kwenye mkutano wa watu wa misitu, nikakaa na wanawake kutoka Brazili, maana wanasema Kireno kama mimi. Mmoja akasimulia kwao wametunza msitu wao vizuri, ila wa ng'ambo ya mpaka ukakatwa, na ndege wakaacha kuja. Akalia mbele ya watu. Mimi nikamwambia, hayo nilifundishwa na mama mmoja Mmakonde akipepeta mtama. Ukikata hapa, ndugu yangu, unakata na kwangu. Nami sijawahi kukukosea."

"Na mihogo yangu?" akauliza Alfredi, kwa sauti ya mtoto aliyechapwa. "Ngedere je?"

"Ngedere ni wangu sasa. Wakila mihogo, nidai mimi. Lakini kwetu tumetundika mizinga ya nyuki ukingoni mwa msitu, na ngedere wanapaepuka. Nitakuletea mtu akuonyeshe, na asali utakula wewe."

"Na wanangu watapanda wapi?"

Hapo Mwanaisha alisema wazi kwamba hajui. Nikajisikia kumpenda kwa hilo. Kisha mimi, ambaye ninaishi Masasi na kuja huku kukumbuka, nikasikia mdomo wangu unasema kwamba lile shamba langu la Lukuledi, upande wa Masasi, alilolima marehemu mume wangu, Yeremia na wadogo zake walichukue wapande mikorosho. Nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya uzee wangu.

"Mzee, tunaanza au hatuanzi?" akauliza Tahiri, maana na yeye ana familia.

"Siwezi kukata mali ya watu!" Alfredi akamfokea, utafikiri ni Tahiri aliyeomba msitu ukatwe. "Wewe umesikia nimempa mtu, halafu unaniuliza!"

Nikaelewa kitu kuhusu ndugu yangu siku ile, labda na kuhusu sisi sote. Ungekuwa msitu wake angeukata bila kupepesa macho. Cha kwetu tunakitapanya tunavyotaka. Cha mtani, ambacho wakwe wamesikia ukikitoa, hicho hukigusi.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbali kuliko tulivyotarajia. Wazee wa kwetu na wa kwao wamekutana Mtambaswala, karibu na daraja, pamoja na maofisa misitu wa nchi zote mbili. Vijiji vya kando zote mbili za Ruvuma vinafagia njia za moto wakati mmoja, na gogo likikatwa upande huu, upande wa pili hawalinunui. Wageni wamekuja na ramani ambayo Namkonda ni alama ndogo ya kijani, na mstari unaipitia kutoka uwandani hadi Msumbiji. Na mwenyekiti wa walinzi ni nani? Alfredi. Ana filimbi na buti. Wanawake wanamwogopa kuliko walivyomwogopa mama.

Mwezi uliopita nilipanda Newala kuona kaburi. Msalaba wa mbao tuliouweka ulikuwa umeliwa na mchwa hadi mama jina lake limebaki nusu. Nikaona nichonge mwingine wa mpingo, maana mpingo mchwa hauwezi, na upande wa chini wa Namkonda kuna mpingo mmoja mnyoofu ninaoujua tangu utotoni. Tawi moja tu. Nikamwambia Alfredi.

"Dada, si wetu," akasema. "Mpigie mwenyewe."

"Ni msalaba wa mama yako, Alfredi!"

"Ndiyo. Mpigie."

Nikapiga kwa hasira. Nikamweleza Mwanaisha yote, mchwa, jina, tawi moja. Nilitegemea atanitania kidogo kisha anikubalie. Nikasikia kuku wa kwake wanalia huko Msumbiji.

"Mti ule ni mbichi?" akauliza.

"Ni mbichi, lakini ni kwa ajili ya mama."

"Hapana," akasema.

Nilikata simu nikakaa juu ya kaburi la jirani, nikiwa tayari kumtukana kwa lugha zote ninazozijua. Tangu tumzike mama, kila mtu alikuwa ananikubalia. Pole, Mama Nikolao, ndiyo, Mama Nikolao, chochote utakacho. Karibu miaka miwili hakuna aliyenikatalia kitu kwa sauti ile, fupi, bila kuinua macho. Nilikuwa nimeisahau jinsi ilivyo, na sasa ilikuwa imenifikia kutoka ng'ambo ya mto, kwa mdomo wa Mmakua. Nikalia kwa nguvu zaidi kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Kisha nikajifuta, nikapanda gari kurudi Masasi, nikaagiza msalaba wa saruji.