Kanga za Kumpokea Kornelio

Mlangoni mwa mahakama ya rufaa, askari alichakura mfuko wa Adelina, akatoa shati jeupe, suruali na kandambili mpya.

"Vya nani hivi, mama?"

"Vya mume wangu. Leo anatoka."

Askari alimtazama, akavirudisha mfukoni taratibu. Wanaoingia humo na nguo za mtu mwingine alishawazoea. "Haya, pita. Simu zima."

Adelina alikaa benchi la nyuma na shemeji yake, Valerian. Kornelio alikuwa kizimbani kati ya askari magereza wawili, amekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa. Alikuwa fundi wa kuchonga milango. Mteja wake mmoja wa Mbezi Beach alipouawa usiku, hakutafutwa mwingine, fundi akakamatwa. Na usiku ule Kornelio alikuwa mbali, kijijini Kimbiji, amelala kwa Mzee Mashaka aliyemwita kumchongea kitanda. Mzee alikwenda mahakamani akaapa, akalisema hilo mbele ya jaji aliyekuwa akimtazama machoni. Kisha jaji akahamishwa. Aliyekuja baada yake aliyakuta maneno ya mzee kwenye karatasi, hakuyaamini, akamhukumu Kornelio kunyongwa.

Hilo tu ndilo Adelina alilotaka lisemwe leo. Asubuhi alimsimamisha kwenye ngazi Wakili Brightson, waliyepewa na serikali.

"Wakili, utawaambia habari za Kimbiji?"

"Mama, huku juu nikianza na Kimbiji hatumalizi. Nina hoja moja fupi. Jaji alibadilishwa katikati ya kesi, na sababu haikuandikwa popote. Inatosha hiyo."

Na kweli ilitosha. Wakili wa upande wa pili alisimama akasema hapingi. Majaji watatu waliinamiana, wakatoka, wakarudi. Kimbiji haikutajwa, na Kornelio hakuulizwa neno.

"Tunafuta mwenendo wote wa kesi," alisoma jaji wa katikati. "Tunafuta hatia, na tunatengua adhabu ya kunyongwa."

Adelina alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga, maana kigelegele kilikuwa kimeshafika kooni. Valerian hakungoja. Alijipenyeza kati ya magoti ya watu, machozi yanamtoka, akakimbilia nje kupiga simu nyumbani Mbagala.

Jaji alifunua ukurasa. "Kesi isikilizwe upya mbele ya jaji mwingine. Mrufani atabaki rumande."

Watu wakasimama, majaji wakaondoka. Kornelio aligeuka kumtafuta mkewe, macho yakatua kwanza kwenye mfuko. Askari wakamshika kwapani wakamteremsha.

"Tumeshinda, mama," alisema Brightson kwenye korido, akivua joho. "Kitanzi kimeondoka."

"Mbona wamemrudisha?"

"Kesi inaanza moja. Mashahidi wataitwa tena."

"Mzee Mashaka tulimzika mwaka jana."

Brightson alibaki na joho mkononi. "Basi... aliyoyasema yamefutwa pamoja na mwenendo. Ni kama hakuwahi kusimama pale."

"Kutoandika sababu kulikuwa kosa la Kornelio?"

"Hapana. La mahakama."

"Anayerudi ndani ni nani?"

Wakili alimwomba radhi, tena radhi ya moyoni kabisa, akaenda kuitikia kesi nyingine. Adelina angependa awe mtu mbaya, apate wa kumchukia.

Nje, Valerian alikuwa anacheka na simu sikioni. "Shemeji, huko ni shangwe tupu! Mama anatoa kanga zake zote sandukuni!"

Adelina akamwambia. Valerian aliketi kwenye ngazi, akapiga tena, na tena. Mbagala hakuna aliyesikia simu kwa makelele ya ngoma.

Walizisikia ngoma hizo kabla hawajaiona nyumba. Mama mkwe, Bibi Anjelina, alikuwa ametandika kanga kutoka barabarani hadi mlangoni ili mwanawe asikanyage vumbi, hata ile mpya aliyojiwekea azikwe nayo. Adelina na Valerian hawakuweza kuzikanyaga. Walipita pembeni, kwenye mchanga.

"Mbona mnapita huko?" bibi alicheka, akichungulia nyuma yao. "Mwiteni basi, aache aibu. Akanyage tu, nitafua mie!"

Valerian alitikisa kichwa. Mpiga ngoma mmoja aliuona mfuko mkononi mwa Adelina, bado umejaa, akaacha kupiga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, mpaka kikabaki kigelegele cha bibi peke yake.

Alipoelewa, hakulia. Alivuta kigoda akakaa mlangoni, macho barabarani, akakataza mtu yeyote asipite juu ya zile kanga. Jioni mvua ilianza kunyesha, na hakuna aliyethubutu kuzianua. Zililowa palepale, hazina alama ya mguu hata moja.