Mstari wa Mtu Mmoja

Mama yake alikuwa ametoa amri, na amri za mama yule hazina rufaa.

"Nitajie mtu mmoja huko," alisema kwenye simu. "Sitaki kumi. Mmoja tu, ambaye ukiugua atajua. Krismasi ikifika hujanitajia, funga mizigo urudi. Mimi sikuzaa mtoto aje afie chumbani kama panya."

Usimwone mkali bure. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikuwa kitindamimba wake. Hata kwao walizoea kumwita Kitinda. Mwezi uliotangulia homa ilikuwa imemlaza Kitinda huko ugenini, akatetemeka peke yake chini ya blanketi, akinywa maji ya bomba, na hakuna aliyebisha hodi. Akapona, kisha akafanya kosa la kumsimulia mama. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Na Kitinda hakutaka kurudi ng'o. Alikuwa akijifunza kutengeneza miguu ya bandia kwenye karakana moja nyuma ya hospitali, na kazi ile alikuwa ameipenda mpaka anaiota. Alibakiza mwaka tu. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya chumba cha nyuma: unamimina plasta kwenye umbo la mguu wa mtu, inakauka, unaichonga polepole kwa tupa mpaka ifanane na mwenyewe. Wagonjwa walipimwa chumba cha mbele na watu wengine. Yeye aliwajua kwa magoti. Wenzake wawili walikuwa watu wema wa "habari za asubuhi" na "haya, kesho," masikio yameziba kwa muziki. Na kule alikopanga, jirani wa juu alimjua kwa vishindo vya viatu. Sasa amtaje nani? Avitaje vishindo?

Asubuhi ya Krismasi akavaa gauni lake zuri, akatupia koti juu, akatoka. Kanisa lilikuwa mtaa wa pili, alilipita kila siku akiwahi kazini. Tusidanganyane: hakwenda kwa ajili ya ibada tu. Alikwenda kutafuta mtu. Njia nzima aliomba, "Bwana, mmoja tu. Hata awe mmbea."

Akakaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, wanakokaa wageni na wachelewaji. Lugha ya kule aliijua ya kazini; angeweza kukwambia goti limekaza au mkanda umelegea, lakini habari za malaika zilimpita juu kwa juu. Nyimbo mbili alizitambua kwa sauti, akaziimba kwa Kiswahili, na hakuna aliyegeuka. Hata mmoja! Hilo lilimuuma kuliko kukaripiwa. Kwao mgeni husimamishwa, hujitambulisha, hupigiwa makofi mpaka aone haya. Hapa watu waliimba wakitazama mbele na kuomba wakitazama chini. Baraka ilipotolewa, moyo wake ulikwishaanza kufunga mizigo.

Sasa sikia kilichotokea. Mchungaji alitangulia, akasimama nje ya mlango, na Kitinda, kwa kuwa alikaa nyuma ya wote, akawa wa kwanza kutoka. Akampa mchungaji mkono. Kisha, jamani, badala ya kwenda zake, akapiga hatua moja pembeni, akasimama ubavuni mwa mchungaji, mkono ameunyoosha, anangoja.

Mazoea yana taabu. Kwao ibada haiishi kwa amina. Wa kwanza kutoka humpa mchungaji mkono, akasimama kando yake. Wa pili humpa mchungaji mkono, akampa na wa kwanza, naye akajipanga. Na kadhalika, mpaka wa mwisho atoke ameshikana mikono na kanisa zima. Kama mmenuniana na mtu wiki nzima, Jumapili utamshika tu, utake usitake.

Huku hakuna kitu kama hicho. Huku mtu anaagana na mchungaji, funguo za gari ziko tayari mkononi. Wa pili kutoka alikuwa bwana mmoja mnene mwenye skafu. Alipogeuka kutoka kwa mchungaji akaukuta mkono mwingine unamngoja. Angefanyaje? Akaushika. "Krismasi njema," akasema, akimtazama Kitinda kama anayejiuliza huyu kawa mzee wa kanisa lini. Akaondoka. Wa tatu naye hivyo hivyo, akaondoka. Ndipo Kitinda alipogutuka kwamba ubavuni mwake hapana mtu. Mstari mzima alikuwa yeye.

Mungu wangu! Akitoka ataonekana mwendawazimu, na akibaki ndiye mwendawazimu mwenyewe. Akaendelea kusalimia, machozi yanamlengalenga, huku akitafuta upenyo wa kuchoropoka.

Akatokea bibi mmoja mwenye fimbo, mdomo ameukunja. Akamshika mkono Kitinda, asiuachie.

"Kwa nini umesimama hapa?"

"Kwetu ndivyo tunavyofanya," Kitinda akasema. "Anayetoka anasimama, awasalimie wanaofuata, mpaka wote waishe. Nimejisahau. Nisamehe, mama."

Bibi akawatazama watu wanaokimbilia magari yao. "Miaka yote nasali hapa," akasema, "na yule mwenye skafu sijui hata sauti yake." Akahamishia fimbo mkono wa kushoto, akajipanga kando ya Kitinda, akanyoosha wa kulia.

Weee! Mtu mmoja ni kituko, lakini wawili ni mstari. Aliyefuata alisita, akajipanga. Na aliyemfuata. Bwana wa skafu akarudi kuuliza kuna nini, naye akajikuta amesimama. Kitinda akashika mikono ya baridi, mikono migumu ya kazi, mkono wa mtoto unaonata pipi. Tangu aje nchi ile watu walimpokeza vitu tu. Hakuna aliyekuwa amemshika. Akalia waziwazi, wala hakujificha. Asante, Bwana, akasema moyoni, mimi niliomba mmoja.

Simu ikaita. Mama, tena ya video.

"Haya, Krismasi imefika," mama akasema, sura imejaa kioo kizima. "Mtaje."

"Mama, niko kanisani, ngoja..."

"Mtaje!"

Kitinda akafungua mdomo, ukabaki wazi. Alikuwa ameshika mikono ya watu wote wale, na jina hata moja hakuwa nalo. Amesimama hivyo, ameduwaa, bibi akamgeukia, akaanza kumfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja mpaka shingoni, huku ananung'unika bila kituo.

Mama akaiona mikono ile. Akasogeza uso.

"Nani huyo?"

"Simjui jina, mama."

"Anasema nini?"

"Ananigombeza. Anasema vifungo havikushonwa kwa urembo."

Mama macho yakamjaa maji. "Mwambie huyo ni mwanangu wa mwisho," akasema. "Mwambie namkabidhi. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Kitinda akatafsiri, amejaa haya. Bibi alisikiliza hadi mwisho, wala hakucheka. Akaegemea fimbo, akainamia ile simu.

"Mwambie nimempokea," akasema. "Na mwambie hana kofia."

"Kasemaje?" mama akauliza. "Usinifiche."

"Amesema amenipokea. Na... na kwamba sina kofia."

"Hana kofia!" Mama alipaza sauti mpaka mchungaji akageuka. "Nilimwambia anunue kofia! Tangu siku anaondoka nilimwambia!" Bibi, ambaye hakuelewa hata neno moja, akatikisa kichwa kukubali, akaongeza na yake. Wakaendelea, huyu kwa Kiswahili na huyu kwa lugha yake, kila mmoja akimuunga mkono mwenziwe, na Kitinda katikati ameshika simu, anagombezwa kutoka pande mbili, anacheka na kulia. Habari ya kurudi nyumbani haikutajwa tena.