Mgongo wa Shangazi

Hakuwa na mtoto wake mwenyewe. Hakuwa na cheti cha kutundika ukutani, wala uzio wa maana, wala msaidizi wa kumpokea kazi. Na kubwa kuliko yote, ingawa mwenyewe hakulijua, hakuwa na mazoea ya kuuliza. Alichokuwa nacho ni vyumba viwili vya kupanga, mikeka, na watoto kumi na mmoja aliowalea mchana kutwa. Walimwita Shangazi, na wazazi wao nao wakamwita hivyo hivyo.

Wazazi wale kila mmoja na lake. Bibi yake Kibonge alileta mjukuu pamoja na mbeleko, akasema huyu halali mpaka abebwe mgongoni. Fundi cherehani, mama yake Kisauti, alisema kinyume: wake asibebwe kabisa, akilia aachwe alale chini. Shangazi akaona yule anadekeza na huyu ana roho ngumu. Basi akajitwika kumhurumia Kisauti. Siku tano mfululizo, Kibonge akishalala, alimfunga Kisauti mgongoni kwa mbeleko ile ile. Mtoto akalala fofofo, Shangazi akavimba kichwa.

Jumatatu Kisauti aliletwa na baba yake, fundi bomba. Alieleza kwamba mkewe yuko kitandani. Mwezi uliopita alipasuliwa tumbo, akakatazwa kuinua kitu kizito. Jumamosi mtoto aligoma kulala chini, akalia hadi sauti ikamkauka. Mama akashindwa kuvumilia, akambeba. Mshono ukaachia.

"Mbona hakuniambia ana mshono?"

"Ulimuuliza?" Fundi bomba akamtazama. "Au ulimbeba, Shangazi?"

"Siku moja tu. Alilia sana."

"Siku moja si neno," akasema, akaenda kazini akiwa amemwamini.

Raha ikamwisha. Alifagia chumba kilichokwisha kufagiliwa. Akahesabu watoto, akahesabu tena. Maziwa yakamfurikia jikoni akiyatazama. Akisema ukweli, Kisauti ataondolewa, na wengine huenda wakamfuata. Akinyamaza, mama mtu atadhani mwanawe amekuwa mkaidi tu, naye atamwinua tena.

Bibi alipokuja kumchukua Kibonge, Shangazi akamuuliza kwa nini hasa mgongoni. Bibi akacheka.

"Makubwa! Leo umeuliza. Mama yake alikwenda kazi ya mbali huyu ana miezi minne. Kitanda chake ni mgongo wangu, mwanangu. Nikadhani unajua."

Shangazi akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfikia kidevuni, akaandika barua. Akachana. Akaandika, akachana tena. Ya tatu akaiacha:

"Mama Kisauti, nilimbeba siku tano, si moja. Nimemdanganya mwenzako, na wewe nimekuumiza. Leo nimemlaza chini, nikakaa kando nimemshika mkono. Amelia, kisha amelala. Niambie nyumbani mnafanyaje, nifuate. Ukiamua kumwondoa, sitanung'unika."

Fundi bomba aliingia na mfuko wake wa spana. Shangazi akalamba bahasha, akaikandamiza kwa dole gumba, akaikandamiza tena.

"Ya ada hiyo?"

"Siyo, shemeji. Mpe mkononi, asome kabla hajampokea mtoto."

Fundi akaitia mfukoni mwa shati, akambeba Kisauti, akaondoka na barua ile.