Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi alimwambia kila mteja kwamba tangu aanze kushona hajawahi kuharibu gauni la bibi harusi. Kisha, kabla mteja hajamaliza kushangaa, akaongeza mwenyewe: "Suruali ya bwana harusi ndiyo niliyowahi. Mguu mmoja ulifika kwenye kiatu, mwingine ukaona gotini panatosha."

Chumbani mwake mlikuwa na vyerehani vitatu: chake, cha wifi yake, na cha dirishani cha shemeji yake. Hao wawili ni ndugu wa marehemu mumewe, tumbo moja, na hapo ndipo undugu ulipoishia. Wifi ni mtu wa ibada. Shemeji alishona miaka kumi na miwili katika kiwanda cha ughaibuni, akarudi na mkasi mzuri na habari kwamba Mungu hayupo.

Wifi hakuwa na siri. Aliimba akikanyaga cherehani, akawatilia wateja vijikaratasi vya ibada mifukoni mwa nguo zao, na mtu akimbishia alimwambia usoni, "Nakuombea," kwa sauti ya kutisha. Shemeji hakutamka neno. Huko alikotoka, alisema, kumwuliza mtu dini yake ni kama kumwuliza rangi ya chupi. Yeye alituma video za wasioamini kwenye simu za watu: asubuhi moja, mchana mbili, jioni ndefu kuliko zote. Fundi alichoka nao kwa mizani moja. Wifi angalau ungeweza kumfungia mlango. Shemeji alikuwa akikutetemekea mfukoni.

Jumatatu shemeji alifungua chakula chake akakuta kijikaratasi juu ya wali.

"Dada, hata kwenye sahani?"

"Si ndiko unakochungulia kila siku, mdogo wangu?"

Tangu hapo hawakusemeshana.

Sasa, chumbani mle mikono ya gauni ilikatwa na watu wawili, kila mtu wake. Anayetandika karatasi ya kipimo husema, "Kushoto kwangu!" Mwenzake hujibu, "Kulia kwangu!" Alhamisi ndugu hao walikata mikono ya gauni la bibi harusi kimya kama wageni msibani.

Ijumaa saa sita mchana Fundi aliinua mikono ile ya satini kuiunga. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Yote miwili ilikuwa ya kushoto. Harusi ni kesho, bibi harusi anakuja saa kumi kujaribu, na satini hung'aa upande mmoja tu, huwezi kuipindua nje ndani. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni ule mkia mrefu wa kuburuzwa.

"Tutaukata mkia," alisema Fundi. "Lakini satini inateleza. Mmoja ashike, mmoja akate, na msemeshane. Haya!"

Hakuna aliyeinuka.

"Mwambie mdogo wangu aombe radhi kwanza."

"Mwambie dada yangu alete ushahidi kwanza."

"Jamani, mtoto wa watu ataolewa na mkono mmoja!" Fundi alishika kichwa. "Mmoja ananiimbia, mwingine ananitetemesha, na mkono wa kulia hakuna aliyeuona! Niwafanyeje nyinyi?"

"Usihangaike, wifi," alisema wifi kwa upole. "Najua uko upande wangu. Mtu aliyefunga siku tatu kumwombea huyu abadilike, atakuwa upande gani tena?"

Shemeji akageuka kwenye kiti. "Amefunga? Siku zipi?"

"Jumanne mpaka jana."

"Jumatano tulikula naye maharage hapa hapa. Akaongeza mara mbili! Akaniambia video zangu zimemfungua macho, ila nisikwambie wewe, utaumia."

Fundi alijaza pini mdomoni haraka, kama mtu mwenye kazi nyingi.

Ndugu wale wakatazamana, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Wifi akasimama, akatandaza mkia wa gauni mezani, akaubana kwa viganja vyote viwili.

"Kulia," alisema.

"Kulia," alijibu mdogo wake, akachukua mkasi.

Walikata taratibu, wakiambizana kila hatua: vuta, legeza, hapo hapo. Fundi akashusha pumzi. Saa nane ilikuwa haijagonga. Mkono ungeungwa, bibi harusi angekuta gauni limetulia, mkia mfupi kidogo, naye angeambiwa ndio mtindo. Hata akathubutu kutabasamu.

"Shemeji," alisema yule mdogo mtu bila kuinua macho kutoka kwenye satini, "hebu mweleze dada. Ile video ya jana jioni uliionaje?"

Fundi akatoa pini mdomoni moja moja, akitafuta la kusema.

"Nzuri sana, shemeji yangu. Zile nyota! Nilikaa nikawaza mpaka usingizi ukaniruka."

"Jana sikutuma kitu," alisema shemeji. "Bando liliniishia."